Nani Anayeandika Orodha? Kamera za Kutambua Nyuso Katika Kazi ya Polisi

Kamera ya kawaida ya barabarani hurekodi kila kipitacho mbele yake bila kumjua yeyote, na kazi ya kumtafuta mshukiwa humwangukia askari anayeketi mbele ya skrini kwa saa nyingi. Kamera iliyounganishwa na programu ya utambuzi wa nyuso humpunguzia askari huyo kazi, kwa sababu programu huutafuta uso ndani ya picha, huugeuza kuwa mfuatano wa namba uitwao kiolezo, kisha huulinganisha na violezo vya watu waliokwisha kuwekwa katika orodha ya wanaosakwa. Jibu linalotolewa si "ndiye" wala "siye", bali ni alama ya mfanano, ambayo katika mitambo mingi huwa kati ya 0 na 1; na tahadhari hutolewa pale tu alama hiyo inapofikia kizingiti, yaani kiwango kilichopangwa na binadamu. Kizingiti kikishushwa, wanaosakwa wengi zaidi hunaswa, na wasio na hatia wengi zaidi husimamishwa pamoja nao. Kikipandishwa, wengi zaidi wa makundi yote mawili hupita.

Mji wa Cardiff, nchini Wales, unalidhihirisha jambo hili vizuri. Juni 2017, wakati wa fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Ulaya, Polisi wa South Wales waliujaribu mtambo wa aina hiyo katikati ya umati wa mashabiki, ukatoa tahadhari 2,470, ambazo 2,297 kati yake zilikuwa za uongo. Polisi walizilaumu picha hafifu walizopewa kwa ajili ya orodha, na lawama hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake. Hata hivyo, wauzaji wa mitambo hawapendi kutaja kwamba pale wapita njia wanapokuwa maelfu kwa maelfu na wanaosakwa ni wachache, hata kosa dogo sana la programu huzaa tahadhari nyingi zinazowaangukia watu wasiohusika.

Mkazi mmoja wa mji huo, Ed Bridges, aliwashtaki polisi kwa kuutumia mtambo huo, akashindwa mwaka 2019, akakata rufaa. Tarehe 11 Agosti 2020 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba matumizi hayo yalikuwa kinyume cha sheria, kwa kuwa askari waliachiwa uhuru mpana mno wa kuamua nani aingizwe katika orodha na kamera ziwekwe wapi, na kwa kuwa polisi hawakuwa wamefanya juhudi za kutosha kuhakikisha kwamba programu haina upendeleo wa rangi au jinsia. Mahakama haikuipiga marufuku teknolojia yenyewe, na polisi hao waliirudia baadaye wakiwa na taratibu mpya.

Suala la rangi nalo hurudi kwenye kizingiti. Mwaka 2023 Maabara ya Taifa ya Fizikia ya Uingereza iliipima programu iliyokuwa ikitumiwa na polisi hao na wenzao wa London, ikaona kwamba kizingiti kikiwa 0.6 tofauti kati ya makundi ya watu haikuwa na uzito wa kitakwimu, lakini kikishushwa zaidi, watu weusi walidhaniwa kuwa wengine mara nyingi kuliko weupe. Kwa hiyo programu ile ile yaweza kuwa ya haki au ya dhuluma kwa kubadilisha namba moja tu, nayo ni namba ambayo mpita njia haoneshwi.

Afrika Mashariki haiko mbali na mjadala huu. Uganda iliingia mkataba wa dola milioni 126 na kampuni ya Huawei kwa ajili ya kamera za Kampala na miji mingine, na baada ya maandamano ya Novemba 2020 polisi wake walithibitisha kuzitumia kuwasaka walioshiriki. Uganda na Kenya zilipitisha sheria za ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022, lakini sheria hizo zimeacha mwanya kwa masuala ya usalama wa taifa, ambamo orodha za wanaosakwa huweza kupitishwa bila kuhojiwa. Ni wajibu wa wabunge kuuziba mwanya huo kwa kudai kuambiwa nani anayeandika orodha, nani anayelifuta jina lisilostahili, na kizingiti kimewekwa kwenye namba gani.