Kutembea Pwani Maji Yakipwa

Mtu wa bara afikapo pwani mara ya kwanza hudhani ya kuwa bahari imekaa mahali pake kama ziwa. Asubuhi huona mchanga mpana, na miamba iliyo wazi, na watu wakitembea kwa miguu mahali ambapo jana zilipita mashua. Alasiri hurudi, asione mchanga wala mwamba, ila mawimbi yakifika karibu na mivinje. Huuliza, “Ile njia imekwenda wapi?” Swali lake ni jema. Nasi tutalijibu kwa kwenda matembezi huko Watamu, katika pwani ya Kenya, kusini ya Malindi.

Kabla ya kufunga chakula chetu, yatupasa tutazame mwezi. Mwezi na jua huyavuta maji ya bahari, na nguvu ya mwezi huzidi kwa sababu u karibu nasi kuliko jua. Kwa hiyo maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50. Zile dakika 50 msizisahau, maana ndizo zifanyazo maji yachelewe kila siku: leo yakipwa saa nne, kesho hayatapwa saa nne, bali karibu na saa tano.

Tena, si kila siku maji hupwa sawasawa. Mwezi uandamapo, na tena unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta katika mstari mmoja. Hapo maji hujaa sana na kupwa sana, na wavuvi huziita siku hizo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, mmoja huvuta huku na mwenziwe huvuta kule, na maji hayaendi mbali. Hayo ni maji mafu. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa yapata saa nne au saa tano za asubuhi. Ni wakati mzuri kwa watu wenye watoto, maana hawana haja ya kuamka usiku wala kutembea gizani. Siku hizi jedwali la maji huchapwa kila mwaka, na msafiri aweza kulisoma. Lakini mzee wa pwani aliyehesabu siku za mwezi tangu utoto wake atawaambia saa ile ile bila kufungua kitabu.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wageni wengi hawalijui. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Tuseme ya kuwa siku ya bamvua maji yatapanda futi 12 kwa muda wa saa sita. Saa ya kwanza hupanda futi 1 tu. Saa ya pili futi 2. Saa ya tatu futi 3. Saa ya nne futi 3 tena. Saa ya tano futi 2. Na saa ya mwisho futi 1. Jumlisheni wenyewe. Hivyo, mtu atazamaye bahari katika saa ile ya kwanza huiona kama imelala, akajiambia kwamba bado ana wakati mwingi. Kisha huja saa ya tatu na ya nne, na bahari hupanda mara tatu upesi kuliko alivyoona. Na penye mchanga usio na mwinamo, futi moja ya kupanda ni hatua nyingi za kwenda mbele.

Haya, twende. Kila mtu na avae viatu vya zamani, maana mwamba wa matumbawe hukata kama kisu. Tuchukue kofia, na maji ya kunywa mengi kuliko tunavyodhani yatatosha. Tutoke mjini Watamu saa tatu, maji yakiwa yangali yakipwa, tuyafuate yanavyorudi. Pwani ya hapo imegawanyika kwa ghuba, na kati ya ghuba na ghuba ipo rasi ya mwamba, ambayo chini yake imeliwa na mawimbi hata imekuwa kama uyoga. Maji yakipwa mtu hupita mbele ya rasi kwa miguu mikavu.

Wa kwanza kuonekana ni kaa wa mchangani, mweupe kama mchanga wenyewe, na macho yake yamesimama juu kama vijiti. Mtoto akimkimbilia hutoweka shimoni. Lakini tukikaa kimya kidogo atatoka tena, na pengine atakimbia hata ukingo wa maji na kurudi. Hachezi. Kaa huyu huvuta pumzi kwa mashavu kama ya samaki, nayo hayafanyi kazi yakikauka. Kwa hiyo hana budi kwenda kuyalowesha.

Katika vidimbwi vilivyoachwa miambani mna mengi zaidi. Kuna kiti cha pweza, mwenye mikono mitano kama nyota, na jongoo wa pwani alalaye kama soksi iliyosahauliwa. Kuna konokono atembeaye upesi kupita kawaida ya konokono. Mkimgeuza mtaona miguu ya kaa, maana mwenye nyumba alikufa zamani na kaa mdogo amehamia. Pweza mwenyewe huonekana kwa nadra, si kwa kuwa hayupo, bali kwa kuwa hugeuza rangi yake ifanane na jiwe alilokalia.

Tazameni kwa macho, wala msishike kwa mikono. Sababu ya kwanza ni kwamba mwaka 1968 serikali iliitenga bahari ya Watamu, pamoja na ile ya Malindi, kuwa hifadhi, na mtu hana ruhusa ya kuchukua kombe wala tumbawe. Sababu ya pili ni ya usalama wenu. Yuko konokono mzuri mwenye kombe la mfano wa pia, naye ana mwiba wa sumu uwezao kumwua mtu. Yuko pia samaki afananaye kabisa na jiwe lenye ukungu, na miiba ya mgongo wake huleta maumivu makali mno. Mtu akichomwa na samaki huyo, mguu wake utiwe katika maji ya moto kadiri awezavyo kuvumilia bila kuungua, kisha apelekwe hospitali upesi. Akichomwa na yule konokono, apelekwe mara hiyo hiyo.

Nilipokuwa mwalimu kijana nilikwenda huko na mke wangu na watoto wetu wawili, mkubwa wa miaka tisa na mdogo wa miaka sita. Maji yalipwa saa nne u nusu. Tulizunguka rasi, tukaingia ghuba ya pili, nami nikawaambia tutarudi kabla ya saa sita. Lakini watoto walimwona pweza kidimbwini, na baba yao naye alitaka kumwona, na saa sita ikapita. Niliitazama bahari nikaiona imetulia. Tulipoondoka ilikuwa saa saba kasorobo, na tulipofika penye rasi maji yalikuwa yamefika magotini pangu. Nilidhani kwamba tukifanya haraka tutapita. Nikambeba mdogo, mama yake akamshika mkubwa, tukaingia. Hatukwenda hatua ishirini. Wimbi lilipiga mwamba, likarudi, likamwangusha yule mkubwa, na mama yake akamdaka kwa nguo.

Juu ya mwamba alikuwa ameketi mzee akishona wavu wake. Alisimama akaita, “Mwanangu, hamtapita hapo tena leo.”

Nikasema, “Mzee wangu, asubuhi tumepita papa hapa na miguu haikulowa.”

“Ile ilikuwa njia ya asubuhi,” akajibu. “Rudini mchangani. Nyuma ya ile mivinje kuna njia iendayo barabarani.”

Kumbe njia ilikuwapo wakati wote, wala haikuwa ya siri. Sikuiona kwa kuwa nilikaza kurudi kwa mahali nilipojia. Mwana wetu alitoka damu gotini, na mke wangu hakusema neno mpaka tulipofika barabarani. Na aliyoyasema huko sina haja ya kuyaandika katika kitabu cha shule. Tangu siku hiyo, nikiwapeleka watu pwani, huuliza kwanza njia ya kutokea iko wapi katika kila ghuba, nasi hugeuka saa moja baada ya maji kuanza kujaa, hata kama pweza anacheza ngoma.

Tukipita zile rasi mapema, mbele yetu upo mchanga mrefu uelekeao kusini hata mlango wa Mida. Kasa hupanda hapo usiku kutaga. Jike huchimba shimo kwa miguu yake ya nyuma, hutaga mayai yapata mia au zaidi, huyafukia, na kurudi baharini asiyaone tena. Baada ya miezi miwili hivi watoto hutoka. Jambo la ajabu ni hili, ya kuwa joto la mchanga ndilo liamualo kama watakuwa majike au madume: mchanga wenye joto zaidi hutoa majike. Tangu mwaka 1997 wapo watu hapo Watamu walindao mayai hayo. Mkiona mahali palipozungushiwa alama, piteni mbali. Na mkiwa huko usiku msiwashe taa, kwa sababu kasa mchanga huufuata mwanga, akidhani ndio weupe wa bahari, akapotea nchi kavu.

Kati ya mwezi wa Julai na Septemba, aliye na macho makali na atazame mbali, nje ya mwamba yanakovunjika mawimbi. Nyangumi wakubwa hupita huko, nao hurusha mvuke kama moshi. Pomboo huonekana pia.

Mlango wa Mida tusiuogelee. Maji yote ya hori ile hutokea na kuingia hapo, nayo yakipwa huenda kwa nguvu kama mto wa masika, huku yakielekea bahari kuu.

Hori yenyewe hufikiwa vyema kwa njia nyingine, kutoka upande wa barabara kuu iendayo Mombasa na Malindi. Basi ni matembezi ya siku ya pili. Huko hakuna mchanga mweupe, ila tope na mikoko. Mkoko hauangushi mbegu kavu kama miti mingine. Mbegu yake huota ingali juu mtini, ikaning'inia kama fimbo ya kijani, kisha huanguka. Topeni wamo kaa wadogo ambao dume ana gando moja kubwa mno, naye hulipunga kama mtu aitaye mashua. Wamo na samaki warukao juu ya tope, wavutao pumzi kwa ngozi yao maadamu ni mbichi.

Lakini watu huenda Mida kwa ajili ya ndege. Wengi wao ni wageni, wafikao yapata Septemba kutoka kaskazini na kuondoka Aprili. Mmoja ni mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene mweusi, mlaji wa kaa. Huyu huzaa katika pwani za Oman na Ghuba, tena hufanya jambo wasilolifanya ndege wenzake wa pwani: huchimba shimo mchangani, akataga yai moja jeupe humo ndani, penye ubaridi, kwa kuwa nje jua lingelipika. Heroe nao huja wakati mwingine, wakisimama kwa miguu yao mirefu.

Hapo Mida hesabu ya maji hugeuka. Maji yakipwa kabisa ndege hutawanyika mbali topeni, na mtu haoni ila madoa. Basi fikeni maji yakianza kujaa. Liko daraja la mbao lipitalo kati ya mikoko, na mwisho wake kibanda cha kutazamia. Kaeni humo kimya, watoto mbele na wakubwa nyuma. Maji yatafunika tope kidogo kidogo, na ndege watasogezwa kuja upande wenu, hata mtaona macho yao bila darubini. Kisha itakuja saa ya tatu, na tope litakwisha upesi, nao wataruka wote kwa pamoja.