Skripti inakubali kwake, kwako inakataa: Shida si wewe

Tuelewane kwanza. Nikitaja Tala, sizungumzii ile programu ya mikopo ya simu. Nazungumzia Tala yenyewe, huku Matungulu, Kaunti ya Machakos, kando ya barabara ya Kangundo. Vijana wanaojifunza kuandika programu wapo huku pia, na utawakuta na laptopu za mtumba zenye Windows, mashine ambazo zilishachapa kazi miaka kadhaa kwenye ofisi za watu.

Sasa shida inaanzia hapa. Mafunzo mengi ya mtandaoni yameandikwa na mtu mwenye Mac au Linux. Unafuata maelekezo neno kwa neno, unabandika amri kwenye kile kidirisha cheusi, kinakurudishia hitilafu ndefu kama risiti ya supamaketi. Unaanza kujiambia, "Labda hii kitu si yangu."

Maze, tulia. Mara nyingi wewe hujakosea popote. Skripti yenyewe ndiyo iliyoandikwa kwa ajili ya mashine moja tu.

Skripti ni faili ya amri zinazokupunguzia kazi za kuchosha: kusakinisha vifaa, kuijaribu programu, kuipeleka kwenye seva. Sasa angalia vile inavyokwama. Windows hutenganisha folda kwa mkwaju unaolalia nyuma, Linux na Mac kwa ule unaolalia mbele. Kwenye Linux, Wateja.csv na wateja.csv ni faili mbili tofauti. Windows huziona kama moja.

Halafu kuna ile noma isiyoonekana kwa macho. Windows humaliza kila mstari kwa alama mbili, Linux kwa moja. Ukiandika skripti ya Bash kwenye Windows kisha uipeleke kwenye seva ya Linux, ile alama ya ziada inajibandika mwisho wa mstari wa kwanza. Linux inatafuta programu yenye jina hilo lenye mkia, inaikosa, inagoma. Unaweza kukodolea macho faili hiyo hadi asubuhi usione kitu.

Hata Mac na Linux, ambazo watu huzichukulia kama ndugu, hazielewani kila mahali. Amri ya sed -i inayobadilisha maneno ndani ya faili huandikwa tofauti kwenye kila moja. Na Bash inayokuja na Mac ni toleo la 3.2, la mwaka 2006! Skripti inayotegemea mambo yaliyokuja na Bash 4 mwaka 2009 itafia hapo.

Usidhani haya ni ya wanafunzi pekee. Chukua OpenMRS, programu huria ya kuweka rekodi za wagonjwa. Wazo lake lilianza mwaka 2004, na Eldoret ni kati ya mahali pa kwanza kabisa ilipotumika, chini ya mpango wa AMPATH. Imeandikwa kwa Java, lugha iliyokuja na ahadi kwamba ukiandika mara moja, itakimbia kokote. Lakini kwa miaka mingi imeendeshwa ndani ya Tomcat, na ukifungua folda ya Tomcat unakuta mapacha: startup.sh ya Linux na Mac, startup.bat ya Windows. Kwa hivyo hata penye ahadi hiyo, bado kuna mtu anayelea faili mbili ili zifanye kazi moja.

Kulea mapacha si mchezo. Ukirekebisha mmoja ukamsahau mwingine, baada ya miezi michache kila mmoja ana tabia zake. Kwa mradi mdogo, afadhali uandike skripti moja kwa lugha inayokubali kote, kama Python. Ina pathlib, inayokupangia njia za folda bila kujali mkwaju unalalia wapi.

Kwa ile alama fiche, weka faili inayoitwa .gitattributes kwenye mradi wako, uandike mstari huu: *.sh text eol=lf. Git itahakikisha skripti zote za Bash zinabaki na mwisho wa mistari unaokubalika kwa Linux.

Kisha ijaribu kote. Huna Mac? Hata mimi sina. GitHub Actions hukuazima mashine za Linux, Windows na Mac, na kwa miradi iliyo wazi kwa umma hulipi kitu. Kila ukibadilisha msimbo, skripti inakimbizwa kwenye zote tatu na unaambiwa ni wapi imeanguka.

Mbona ujisumbue? Kwa sababu skripti ndiyo mlango wa mradi. Msee wa Tala akishindwa kuiwasha programu jioni ya kwanza, harudi tena, na mradi umempoteza mtu ambaye labda angekuwa fundi wake bora. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone: mwenye mashine tofauti ndiye huona ufa ambao wenyeji wamezoea kuuruka.

Kwa hivyo skripti ikikataa leo, usifunge laptopu. Nakili hitilafu yote jinsi ilivyo, taja mashine yako na toleo la mfumo, eleza ulichoandika, kisha uwatumie wenye mradi. Huo tayari ni mchango, na hakuna atakayekuuliza cheti. Mimi niliyeacha chuo sijawahi kuulizwa.