Nguzo ya stima si kuni: Jihadhari na sumu iliyomo

JE, unajua kilichomo ndani ya nguzo ya stima iliyosimama mbele ya nyumba yako? Viunga vya mji wa Eldoret vina viwanda ambamo magogo ya mkaratusi hutiwa dawa kabla ya kuuzwa yawe nguzo. Yakitoka huko, mengi huwa na rangi ya kijani-kijani. Rangi hiyo, msomaji, ni alama ya dawa iitwayo CCA, mchanganyiko wa shaba, kromiamu na arseniki. Dawa hii huzuia mchwa na kuvu wasile mti kwa miaka mingi. Lakini kinachoua mchwa chaweza kumdhuru binadamu pia.

Gogo lililokaushwa huingizwa katika tangi la chuma, hewa ikanyonywa, kisha dawa ikasukumwa ndani kwa pampu. Likitolewa huwa lingali linachuruzika. Dawa huchukua siku kadhaa, hata majuma, kushikana na mti, na baridi kama ya Eldoret huchelewesha kazi hiyo. Ndiyo sababu nguzo mbichi hazifai kulazwa juu ya udongo. Zinatakiwa kuwekwa kwenye sakafu ya saruji iliyoezekwa, yenye mfereji wa kurudisha matone tangini. Bila hivyo, mvua huibeba sumu hadi visimani na mitoni.

Madhara yake

Kitengo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani kimeiorodhesha arseniki, pamoja na aina kali ya kromiamu, miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Arseniki ikiingia mwilini kidogo kidogo kwa miaka, ngozi hutokwa na madoa, viganja na nyayo hukakamaa, na hatimaye saratani ya ngozi, mapafu au kibofu yaweza kutokea. Kromiamu nayo huleta vidonda vya ngozi na hata kutoboa ukuta wa ndani ya pua. Kwa sababu ya hofu hizi, Marekani na nchi za Ulaya ziliacha kutumia CCA kwenye mbao za nyumbani na za viwanja vya watoto kufikia mwaka wa 2004.

Kosa kubwa hufanyika jikoni. Kipande cha nguzo kikichomwa, arseniki hutoka na moshi, na nyingine hubaki katika majivu. Ng'ombe wamewahi kufa kwa kulamba majivu ya aina hiyo. Basi hebu fikiria majivu hayo yakimwagwa kwenye shamba la sukuma wiki, au mtoto akiyachezea!

Sheria yasemaje?

Sheria ya Mazingira ya mwaka wa 1999 yataka kiwanda kama hiki kichunguzwe athari zake kabla ya kujengwa, kisha kikaguliwe kila mwaka. Msimamizi wake ni NEMA. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 humlazimu mwajiri kuwapa wafanyakazi glavu, buti na vifaa vingine vya kujikinga bila kuwatoza chochote. Penye wafanyakazi 20 au zaidi, sharti pawe na kamati ya usalama. Mfanyakazi anayelalamika kuhusu usalama hafai kufutwa kwa sababu hiyo.

Wewe jirani nawe una haki. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 chakupa haki ya mazingira safi, na cha 70 chakuruhusu kwenda kortini bila ya kusubiri mtu aumie kwanza. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walioathiriwa na risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, walishtaki. Mwaka wa 2020 mahakama iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Uamuzi huo ulipingwa katika rufaa, lakini Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024. Hata hivyo, watoto walikuwa wameshakunywa sumu. Fedha haziwezi kuitoa.

Fanya hivi

1. Usipikie wala kuota moto wa vipande vya nguzo au pumba zake, hata vikiwa vya bure. Usivigeuze kibao cha kukatia mboga.

2. Ukikata nguzo kuukuu kwa ajili ya ua, funika pua na mdomo, vaa glavu, na unawe kwa sabuni kabla ya kula.

3. Ikiwa unafanya kazi kiwandani, acha nguo za kazi huko huko. Ukizileta nyumbani, zifuliwe peke yake, mbali na za watoto.

4. Ukiona dawa ikitiririka nje ya kiwanda, andika tarehe na mahali, kisha upige ripoti kwa NEMA au kwa afisa wa afya ya umma.

5. Ukipata madoa au vidonda visivyopona, mweleze daktari kazi unayofanya. Bila kujua hilo, huenda akatibu ngozi tu na kukurudisha palepale penye sumu.

Kumbuka, kinga ni bora kuliko tiba.