Land Rover ya Kale, Moyo wa Kigeni

Sisi watu wa mwambao hatukuanza leo kukitia chombo cha zamani moyo mpya. Ni majahazi mangapi yaliyoundwa kwa ajili ya tanga, kisha yakatobolewa fashini ikapitishwa shafti ya rafadha, na nahodha akaacha kuungoja upepo? Na yeyote aliyewahi kuketi na waunda vyombo atakwambia kwamba mashini yenyewe si kazi. Kazi ni kujua kama mkuku na mataruma yatastahimili mtetemo ambao aliyeviunda hakuutia katika hesabu yake.

Suala hilo hilo limo nchi kavu pia, nalo ndilo lililonikalisha wiki tatu juu ya tairi kuukuu katika gereji moja hapa Mombasa, nikitazama Land Rover ya mwaka 1974 ikitolewa injini yake ya Kiingereza na kutiwa ya Kijapani.

Mwenye gari ni sahibu yangu, mkulima wa upande wa Marafa, juu ya Malindi, mzee wa miaka 68. Gari lenyewe ni lile refu, la inchi 109 baina ya ekseli na ekseli, toleo la Series III. Limebeba maembe na mihogo, saruji ya kujengea msikiti, mama wajawazito usiku wa manane, na watoto wa madrasa wakienda maulidini. Walakini injini yake ya petroli, ya sentimita za ujazo 2,286, ilikuwa imechoka kabisa. Ilikuwa ikinywa petroli kama ngamia aliyefika kisimani, ikitoa moshi wa buluu, na kila kilima kilikuwa ni mjadala baina ya gari na mwenyewe.

Kuna watakaouliza, kwa nini isichongwe upya ikatiwa pistoni na ringi? Swali zuri, nami nililiuliza. Nikajibiwa kwamba ilikwisha chongwa mara mbili, na kuta za silinda hazikuwa tena na nyama ya kuchongwa. Isitoshe, mzee alitaka dizeli, ambayo huvuta kwa nguvu hata inapozunguka polepole, na safari zake ni za mchanga, tope na mizigo, si za kukimbizana na mabasi.

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa watu mjini Amsterdam mwaka 1948, miaka mitatu baada ya vita vikuu, wakati chuma kilikuwa adimu Uingereza. Ndiyo sababu bodi yake ikafanywa kwa aluminiamu. Dhiki hiyo ya Waingereza imekuwa neema kwetu, kwani aluminiamu hailiki kwa kutu kama chuma, na pwani chumvi imo hewani usiku na mchana. Lakini chesi ni ya chuma, nayo ni kama sanduku refu, tupu ndani. Tope na chumvi huingia humo zikakaa, na kutu ikala kutoka ndani kuja nje ilhali rangi ya juu ingali yang'ara. Tena pale aluminiamu inapogusana na chuma penye unyevu wa chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Basi mtu huona gari limesimama vizuri, kumbe lasimama kwa mazoea.

Kwa hivyo kazi ya kwanza haikuwa injini hata kidogo. Fundi mkuu, mtu wa Kisauni mwenye maneno machache, alilala chini ya gari na nyundo ndogo, akawa agonga chesi inchi kwa inchi kama daktari agongavyo kifua cha mgonjwa. Panapolia ni pazima. Panapojibu kwa sauti ya mbao iliyooza pana kasoro. Palipatikana mahali pawili, karibu na vikalio vya springi za nyuma. Pakakatwa, pakachomelewa chuma kipya. Siku nne zilikwenda hapo, na mzee akaanza kuhesabu siku kwa sauti, maana alitaka gari lake kabla ya maulidi.

Injini iliyonunuliwa ilitoka katika Hilux iliyopinduka ikavunjika mgongo, yaani gari lililokufa mwili likabaki na moyo wake. Ni ile iitwayo 3L, dizeli ya silinda nne, sentimita za ujazo 2,779. Ndugu zake wamesukuma matatu za nchi hii miaka mingi, na kwa hiyo spea zake hupatikana bila ya mtu kupanda meli. Hiyo pekee ni sababu ya kuichagua kuliko injini yenye nguvu mara mbili ambayo bomba lake moja la maji likipasuka itabidi uagize ng'ambo.

Hapa nataka kusimama kidogo. Nilipokuwa chuoni, maalimu alitusomesha mlango wa biashara, na katika mlango huo mna habari ya mnyama aliyeachwa siku kadhaa bila ya kukamwa ili kiwele kijae, mnunuzi amdhanie ni wa maziwa mengi. Mtume (S.A.W.) alikataza hila hiyo, na aliyedanganywa akapewa hiari: akitaka amweke, akitaka amrudishe pamoja na pishi moja ya tende. Tulikuwa watoto, tukicheka, tukijiuliza ni nani siku hizi anunuaye ngamia. Nami nilimkumbuka maalimu, Mola amrehemu, siku tuliyokwenda kuiona ile injini, kwani tuliikuta imekwisha oshwa ikang'aa, na fundi alipoweka kiganja juu yake, ilikuwa moto.

Alirudisha mkono, akamwambia muuzaji, "Tutarudi kesho alfajiri. Usiiguse." Injini iliyopashwa moto kabla mnunuzi hajafika ni kiwele kilichofungwa. Dizeli iliyochakaa huwaka kwa urahisi ikiwa na joto; ni pale inapokuwa baridi ndipo husema kweli. Tukarudi baada ya sala ya alfajiri. Ikawashwa baridi. Moshi mweusi kidogo, kisha ukaisha. Fundi akafungua kifuniko cha mafuta kuangalia kama inapumua kwa nguvu hapo juu, jambo ambalo ni dalili ya ringi zilizokwisha. Akachovya kijiti cha mafuta, akayasugua baina ya vidole kujua kama yametiwa uzito wa kuficha sauti, akatafuta rangi ya maziwa ambayo ni alama ya maji kuingia ndani. Kisha akapima mgandamizo wa kila silinda, zote nne zikakaribiana. Ndipo akakubali. Na hata hivyo mkanda wa taimingi akaubadilisha kabla ya kuifunga, kwa kuwa hakuna aliyejua umekimbia kilomita ngapi, na mkanda huo ukikatika katika injini hii, valvu hukutana na pistoni, na hapo hakuna usuluhishi.

Sasa tufike kwenye kiungo. Mdomo wa injini ya Toyota na mdomo wa giaboksi ya Land Rover havikuumbwa kubusiana. Mashimo ya bolti hayalingani, kina hakilingani, wala klachi si moja. Wako wanaotupa na giaboksi pia wakatia ya Kijapani, lakini katika Land Rover hizi shafti ya kwenda mbele hutoka upande wa kulia, kwa kuwa difu ya mbele iko kulia, na ukibadilisha giaboksi sharti upate nyingine ielekeayo huko huko, au uanze kuhamisha mambo ambayo hayana mwisho. Fundi wetu aliiacha giaboksi ya zamani mahali pake. Baina ya viwili hivyo akataka sahani nene ya chuma, na sahani hiyo akaenda kuitoa kwa mkereza.

Nalipenda neno hili, mkereza. Ni neno la kale la watu waliokuwa wakizungusha mti wakachonga miguu ya vitanda na ulili, na leo laishi vizuri tu katika karakana ya vyuma, pamoja na klachi na sampu na altaneta, wala hayagombani. Mkereza huyo alikaa na sahani ile siku mbili. Kwa sababu mhimili wa injini na mhimili wa giaboksi lazima uwe mstari mmoja. Ukipotoka kwa unene wa unywele, gari litakwenda, ndiyo, na mwenye gari atashangilia. Kisha baada ya miezi michache beringi ya mbele ya giaboksi italia, klachi itakataa kuachia, na lawama itaiangukia "injini ya kutiwa". Zilizoharibiwa namna hiyo nimeziona nyingi. Injini haikuwa na kosa. Ni kiungo kilichofanywa kwa macho badala ya kipimo.

Vikalio, ekzosi, mabomba na nyaya nitavipita, kwani ni kazi ya kawaida ya welda na subira. Niseme tu kwamba sampu ilibidi iangaliwe isigongwe na difu ya mbele springi zinapobonyea, na kwamba feni ilipofungwa ilikutwa haielekei kati ya rejeta, ikabidi rejeta ishushwe. Katika joto letu la mwezi wa pili hilo si jambo la urembo, kwani silinda hedi ikipikwa hupasuka.

Mzozo wa kweli ulikuja kwenye breki.

Gari hili lina servo, lile pipa dogo jeusi linaloupunguzia mguu kazi. Injini ya petroli huvuta hewa kupitia mlango unaofunguka na kufungika, na nyuma ya mlango huo hupatikana ombwe, ambalo ndilo linaloiendesha servo. Dizeli ya namna hii haina mlango huo. Ombwe lake hutengenezwa na pampu ndogo iliyobandikwa nyuma ya altaneta. Na muuzaji, kabla sisi hatujafika, alikuwa ameing'oa altaneta ile yenye pampu akamuuzia mtu mwingine, akaweka ya kawaida mahali pake. Kwa umeme, zote mbili ni sawa. Kwa breki, moja ni nzima na nyingine haina kitu.

Kijana mmoja wa gereji akasema, "Mzee, breki zitashika tu, ila mguu utie nguvu." Si uongo. Breki bila ya servo hushika, lakini kwa nguvu nyingi zaidi za mguu. Na maulidi yalikuwa yamebakia siku tano, watoto kumi na wawili wakingojea kubebwa, na mzee mwenyewe akasema atakwenda hivyo hivyo, akirudi ndipo itafutwe hiyo pampu.

Fundi mkuu alikuwa akijipangusa mikono. Akasema, "Ami, goti lako la kulia ndilo unalolitembelea kwa mkongojo. Ufunguo sikupi."

Mzee alikasirika, tena vibaya. Alisema maneno juu ya gari lake na mali yake ambayo sitayaandika. Fundi hakujibu. Pampu ilipatikana siku ya tisa, na watoto walikwenda maulidini kwa basi. Mimi naandika haya kwa sababu nimesikia mara nyingi ufundi ukipimwa kwa nguvu za injini, na kwa hesabu yangu kazi yote ile ilipimwa katika zile siku tisa ambazo gari lilikuwa zima, laungurumа vizuri, na halikutoka.

Kuna na karatasi. Namba ya chesi hubakia ile ile, lakini namba ya injini imo katika logbuku, na ikibadilika lazima mamlaka ya usafiri, NTSA, ijulishwe na gari likaguliwe. Wengi huona ni usumbufu. Lakini gari lenye injini isiyo na asili katika karatasi laweza kuzuiliwa njiani, na likipata ajali bima ina la kusema. Zaidi ya hayo, stakabadhi ya muuzaji na nakala ya logbuku ya ile Hilux ndizo zionyeshazo kwamba moyo huo haukuibwa kifuani mwa gari la mtu. Mzee alizidai karatasi hizo kabla ya kutoa pesa, na katika hilo hakuhitaji kufundishwa na mtu.

Sasa barazani kwao wabishana kama gari lile ni Land Rover bado. Mmoja asema ni Toyota iliyovaa kanzu ya mwenzake. Mwingine asema nyumba haibadiliki jina kwa kubadilishwa dari. Mimi niliulizwa, ati kwa kuwa ni mtu wa maneno, nikajibu kwamba jina na lifuate mifupa, lakini siku litakapouzwa, mnunuzi aambiwe kila kilichomo, pamoja na yale mahali pawili pa chesi. Mzee akasema halitauzwa.

Baada ya kilomita 500 alilirudisha, bolti za sahani na za vikalio zikakazwa upya, mafuta yakabadilishwa. Akapakia, akaenda zake Marafa. Jioni akanipigia simu. Hakutaja nguvu za injini wala mafuta aliyookoa. Alisema dizeli hii ina kelele mno, hata hawezi tena kuzungumza na mkewe wakiwa njiani. Mkewe, akasema, ameshukuru.