Hatua ya Nne

Msafiri aiachaye barabara kuu ya Thika na Garissa akaelekea kaskazini, kuingia nchi ya Masinga katika kaunti ya Machakos, hufika Ekalakala akidhani amefika mahali ambapo kimya hupatikana bila ya kutafutwa. Kwani ardhi ni pana, miembe imesimama mbalimbali katika mashamba ya mbaazi na pojo, vijito vingi ni mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka, na maji ya bwawa la Masinga, lililokamilishwa mwaka 1981 ili kuuzuia mto Tana, hayako mbali. Dhana hiyo haidumu. Siku ya soko ina ghasia yake, bodaboda zina ngurumo zake, na ifikapo Jumapili vipaza sauti vya makanisa hushindana tangu asubuhi hata adhuhuri, kana kwamba Mwenyezi Mungu amekuwa mzito wa kusikia.

Sisemi hayo kwa kejeli. Ukristo uliingia Ukambani kwa njia ya sauti, tangu Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walipofika Nzaui mwaka 1895 wakahubiri, hata leo ambapo kwaya, shuhuda na makesha ndivyo vipimo ambavyo watu wengi hupimia uhai wa kanisa. Wakatoliki, ambao jimbo lao la Machakos liliundwa mwaka 1969 chini ya Askofu Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, hawako nyuma kwa ngoma na kayamba. Katika hali hiyo, mtu akisikia kwamba wako Wakristo wanaokutana mara moja kwa juma, wakaketi pamoja nusu saa bila ya kuimba, bila ya kuomba kwa maneno, bila hata ya kukohoa wakiweza kujizuia, huona ajabu, na aghalabu hushuku.

Jambo walifanyalo ni jepesi kulieleza na zito kulitenda. Katika vikundi vinavyofuata mafundisho ya mtawa Mbenedikto John Main, mtu huketi wima, hutulia, hufumba macho, na moyoni hulitamka neno moja polepole tangu mwanzo hata mwisho. Neno linalopendekezwa ni maranatha, la Kiaramu, lililomo mwishoni mwa waraka wa kwanza wa Paulo kwa Wakorintho, ambalo ni mwito wa kumwomba Bwana aje. Hutamkwa kwa silabi nne zenye uzito sawa, na mwenye kulitamka hajengi picha yoyote akilini wala hatungi hoja. Mawazo yakija, nayo hayana budi kuja, kama vile karo ya watoto, mbuzi aliyepotea au neno la jirani lililomchoma mtu jana, hayafukuzwi kwa hasira wala hayafuatwi yaendako. Mtu hulirudia neno lake, basi. Muda ni dakika 20 mpaka 30, asubuhi na jioni, kila siku. Kikundi kikikutana husikiliza fundisho fupi, hunyamaza pamoja, kisha mwenye swali huuliza. Hakuna madaraja ya kupanda, hakuna hati ya kuhitimu, wala hakuna anayeulizwa ameona nini.

Main alizaliwa London mwaka 1926, na taamuli hii aliifikia kwa njia ya mzunguko. Alipokuwa mtumishi wa serikali ya Kiingereza huko Malaya alikutana na mwalimu wa Kihindu, Swami Satyananda, ambaye alimwambia kwamba, madhali yeye ni Mkristo, achague neno la Kikristo na adumu nalo. Alipoingia utawani Ealing, magharibi ya London, mwaka 1959, mlezi wake alimkataza sala ya namna hiyo, naye akatii. Miaka ikapita, hata alipokuwa akisoma maandiko ya Yohane Kasiano, mtawa wa karne ya 4 na ya 5, akayakuta mafundisho yale yale aliyokatazwa, nayo yamewekwa katika vinywa vya wazee wa jangwa la Misri, waliowashauri wanafunzi wao wakishike kifungu kimoja tu cha zaburi na kukirudia mchana na usiku, wakiwa kazini, safarini au kitandani. Hapo pana jambo ambalo msomaji wa Afrika anastahili kulizingatia kwa utulivu: kwamba sala hii, ambayo wengine huihesabu kuwa bidhaa ya Ulaya na wengine kuwa ya Bara Hindi, iliandikwa kwanza na Wakristo kutokana na maisha ya watu wa bara letu, wakulima na wafuma mikeka wa Misri waliomfuata Antonio nyikani, na kwamba Kasiano ndiye aliyeichukua akaipeleka mpaka kusini ya Ufaransa ya leo. Ulaya ilifundishwa kunyamaza na Afrika, ingawa Afrika yenyewe imesahau kudai haki yake. Main alianzisha kikundi chake cha kwanza Ealing mwaka 1975, akahamia Montreal huko Kanada mwaka 1977, akafariki mwaka 1982. Na mwaka 1991 waliomfuata, wakiongozwa na Padre Laurence Freeman, waliunda jumuiya ya tafakari ya Kikristo ambayo leo ina vikundi katika nchi nyingi za dunia.

Vikundi vya kila juma ni upande mmoja wa jambo hili. Upande wa pili ni mafungo, ambapo mtu huiacha nyumba yake na shughuli zake kwa siku kadhaa akakaa mahali pa faragha. Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa sana hapa, kwa kuwa wanaijua itikafu, na wamewaona wazee wao wakihamia msikitini katika kumi la mwisho la Ramadhani. Mafungo ya Kikristo yana taratibu mbalimbali. Mazoezi ya kiroho ya Ignasio wa Loyola, yaliyochapishwa mwaka 1548, huchukua siku 30 yakifanywa kwa ukamilifu, na kinyume cha njia ya Main, yenyewe huitumia sana picha ya akilini: mwenye kufunga huisoma habari ya Injili, akajiweka ndani yake kama mtu aliyehudhuria, akasikia harufu ya samaki na kelele za umati. Nairobi, Wajesuiti wana nyumba ya Mwangaza kwa kazi hiyo. Na Tigoni, karibu na Limuru, Wabenedikto hupokea wageni wanaotaka kukaa kimya kati ya mashamba ya chai.

Lakini habari ya kimya katika nchi ya Kenya haiwezi kusimuliwa kwa uaminifu bila ya kuitaja Kipkelion. Huko, karibu na Kericho, mahali palipoitwa Lumbwa wakati wa ukoloni, watawa Watrapisti kutoka Uholanzi walijenga monasteri mwaka 1956, wakafuga ng'ombe na kulima, wakiamka kabla ya alfajiri kusali na kuishi chini ya kanuni ya Mtakatifu Benedikto ambayo huyahesabu maneno mengi kuwa hatari. Kwa nusu karne walikuwa ndio shule ya ukimya iliyo kubwa kuliko zote katika nchi hii, ingawa Wakenya wengi hawakujua kwamba wapo. Kisha zikaja ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Watu waliochomewa nyumba wakakimbilia monasteri, na uwanja uliozoea hatua za watawa wachache ukajaa vilio vya watoto na moshi wa mafiga. Mwaka 2008 watawa wenyewe wakaondoka, wakahamia Kijonjo karibu na Masaka, Uganda, ambako wako hata leo. Mtu aweza kuisoma habari hiyo kama ushahidi kwamba faragha ni anasa ya wakati wa amani. Mimi naisoma vingine: watu walipokuwa wakitafuta mahali ambapo hawataulizwa kabila lao, miguu yao iliwapeleka kwa wale walionyamaza. Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 2008, mwezi wa Novemba, mabruda wa Taizé kutoka Ufaransa, ambao baadhi yao waliwahi kuishi katika vibanda vya Mathare, waliwakusanya maelfu ya vijana Nairobi kusali kwa nyimbo fupi na vipindi virefu vya ukimya, nao walilazwa katika nyumba za familia za makabila yasiyo yao.

Shaka za watu zina haki ya kusikilizwa. Walokole husema kwamba akili iliyoachwa tupu ni nyumba iliyoachwa wazi, na yeyote apitaye aweza kuingia. Na Roma nayo, katika barua iliyotolewa mwezi wa Oktoba mwaka 1989 chini ya Kardinali Ratzinger, iliwaonya Wakatoliki wasizichanganye ovyo sala zao na mbinu za dini za Mashariki, wala wasidhani kwamba raha ya mwili uliotulia ndiyo neema. Onyo hilo ni la busara, na walimu wazuri wa taamuli wenyewe hulirudia. Ila ni lazima isemwe pia kwamba anayelitamka jina la Bwana kwa nusu saa hakuiacha nyumba yake tupu.

Wako vilevile wanaotaka kuipatia sala hii asili katika mathembo, zile sehemu takatifu za Wakamba chini ya mikuyu, ambapo wazee walitoa sadaka wakati wa ukame. Ninawaelewa, lakini siafikiani nao. Dua za mathembo zilikuwa za maneno na za haja, za kuomba mvua na afya na uzazi, kama alivyoonyesha John Mbiti, mwanazuoni mzaliwa wa Kitui, aliyekusanya dua za Kiafrika katika kitabu kilichotoka mwaka 1975. Kuzigeuza kuwa tafakari ya kimya ni kuwavisha wazee nguo ambazo hawakuzishona.

Mlango wa Ekalakala uko karibu zaidi ya hapo. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mkutano wao wa AMECEA, waliazimia kwamba kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, yaani jirani kwa jirani, nyumba kwa nyumba. Na jumuiya hizo zikapata utaratibu wa kulishiriki Neno uliotungwa katika taasisi ya Lumko, Afrika Kusini, unaoitwa hatua saba. Kwanza Bwana hukaribishwa. Pili kifungu husomwa. Tatu kila mtu hutamka neno lililomgusa. Na hatua ya nne, wote hunyamaza ili Mungu aseme. Hatua tatu zilizobaki ni za kushirikishana, kupanga kazi na kuomba. Kwa hiyo sala ya kimya imo katika kijitabu ambacho wanajumuiya wengi wanakijua kwa moyo, na hakuna haja ya mgeni yeyote kuja kuileta.

Ugonjwa uko katika utekelezaji. Yeyote aliyewahi kuhudhuria jumuiya anajua jinsi hatua hiyo inavyofanywa: kiongozi hutangaza ukimya, mtoto hulia, simu huita, mtu husafisha koo, na kabla ya dakika moja kutimia mama mmoja mwenye huruma, akiona aibu kwa niaba ya wote, huanzisha wimbo. Hatua ya tano huenda ikachukua nusu saa. Si kosa la mtu. Ni kwamba tumefundishwa kusema na kusikiliza, lakini kukaa kimya tukiwa wengi hatujafundishwa, na palipo watu kimya hutufanya tufikiri kuna ugomvi au msiba.

Kwa hiyo mwenye kutaka kuanzisha kikundi cha tafakari huko hana haja ya kusubiri nyumba ya mafungo ya Nairobi, ambayo nauli na malipo yake humshinda mkulima, achilia mbali mbuzi ambao hawawezi kuachwa siku tatu. Kinachotakiwa ni katekista akubaliane na watu wake kwamba hatua ya nne itakuwa dakika 5 mwezi wa kwanza, na 10 mwezi wa pili; kwamba mtu mmoja atashika saa, ili wengine wasiwe wakiiangalia; kwamba simu zitazimwa, na watoto watapewa mlezi kwa zamu; na kwamba hakuna atakayeimba mpaka mshika saa agonge kibao. Majira nayo yanasaidia: mvua za mwisho wa mwaka ndizo ambazo Ukambani huzitegemea zaidi, na Kwaresima, ambapo jumuiya hukutana kila juma kwa ajili ya kampeni ya maaskofu, huangukia wakati mavuno ya mvua hizo yamekwisha kuingia ghalani au yanaingia, kabla ya jembe la masika kushikwa kwa nguvu.