Je, Wajua? Vipele hivi haviondoki kwa kusuguliwa

Je, wajua kuwa vipele vidogo vikavu kwenye mikono ya juu na mapaja ya mtoto, vinavyokwaruza kama msasa, mara nyingi si uchafu wala haviambukizi? Ni keratini, protini ya ngozi, iliyoziba vitundu vinamoota vinyweleo. Hali hii hurithiwa, huonekana zaidi mtoto anapokaribia kubalehe, na kiangazi cha wilaya ya Magu huikausha ngozi hata zaidi.

Dodoki na jiwe humchubua mtoto bure. Aoge kwa muda mfupi, kwa sabuni isiyo kali, kisha apakwe mafuta mazito ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu, maana mafuta huzuia maji yasipotee. Krimu za steroidi zisipakwe bila daktari kuelekeza.

Vipele vikubwa zaidi, viwikoni na magotini, pamoja na kutoona vizuri gizani, huweza kuashiria upungufu wa vitamini A. Matone ya vitamini hiyo yanayotolewa Juni na Desemba ni ya watoto wa miezi 6 hadi 59. Mtoto wa miaka 10 anategemea chakula cha nyumbani. Michembe, yaani vipande vilivyokaushwa, ya viazi vitamu vyeupe karibu haina vitamini hiyo. Viazi lishe vya rangi ya chungwa, maembe, mapapai na maini vinayo.

Akijikuna sana usiku, na wanaolala naye wanajikuna, huenda ni upele wa kuambukiza. Akiwashwa punde baada ya kuogelea ziwani, fikirieni kichocho. Wazazi, hapo msibahatishe dawa: mpelekeni kituo cha afya.