Daktari aliyejitia damu ya mgonjwa wake

Mwaka 1950, katika Hospitali ya Barnes mjini St. Louis, Marekani, daktari kijana William Harrington alijilaza kitandani akatiwa nusu lita ya damu ya mgonjwa. Mgonjwa huyo alikuwa akivuja damu ovyo, kwa kuwa chembe sahani zake, zile zinazokimbilia kuziba mshipa uliopasuka, zilikuwa zimekaribia kwisha. Je, uboho ulishindwa kuzitengeneza, au kuna kitu ndani ya damu kilichoziangamiza? Harrington aliamini hilo la pili.

Baada ya saa chache tu, chembe sahani zake mwenyewe zikaporomoka. Akashikwa na degedege, ngozi ikatapakaa madoa mekundu. Wenzake walimtoboa mfupa wa kidari wakachota uboho: ulikuwa mzima, kwa hiyo kiangamizi kilikuwa ndani ya damu. Ilichukua siku kama tano chembe zake kurudi. Sijui ujasiri gani unampeleka mtu hadi hapo, ila wagonjwa wa leo wana deni la shukrani kwake.

Ugonjwa wenyewe madaktari huuita ITP. Kinga, yaani askari wa mwili, huzigeukia chembe sahani kana kwamba ni adui, huzitia alama, na bandama huzimeza. Mtu mwenye afya huwa na chembe 150,000 hadi 450,000 katika mikrolita moja ya damu. Mgonjwa anaweza kushuka chini ya 10,000.

Tazama miguu yake. Utaona vidoa vyekundu kama vilivyochomwa kwa ncha ya sindano. Vikandamize kwa bilauri ya kioo: wekundu haupotei. Mswaki hutoka na damu, hedhi haikatiki, na mwili huvilia damu bila kugongwa popote. Hapo ndipo maneno huanza mtaani. Mume hudhaniwa anampiga mkewe, mama huulizwa kamfanya nini mtoto, wengine hutaja uchawi. Dhana hizo zinaumiza, na zinachelewesha tiba, ilhali kipimo cha hesabu ya chembe za damu kingeonyesha upungufu huo mapema.

Watoto wengi hupona ndani ya miezi 6. Watu wazima mara nyingi hukaa nao muda mrefu, wakitibiwa kwa prednisoloni, dawa nyingine, au kwa kuondolewa bandama.

Ukiona vidoa hivyo, usinunue aspirini wala diklofenaki. Huzidisha hatari ya kuvuja damu. Nenda hospitali ukapimwe damu. Vikiambatana na homa au kichwa kuuma sana, nenda saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.